Afya: Lucy Wills, daktari aliyetafuta damu ya wamama wajawazito ndani ya chakula chao

Wamama wajawazito wengi wanaoenda kupimisha mimba kwenye vituo vya afya vya Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wanarudi nyumbani na vidonge. Ndani ya kila kidonge kuna vitu viwili: madini ya chuma na asidi foliki. Kuna wanaovimeza kila siku, na kuna wanaoviacha kwenye kikapu kwa sababu vinaleta kichefuchefu ao vinageuza choo kuwa cheusi. Ni wachache wanaojua kwamba habari ya ile asidi foliki ilianza katika mji wa Bombay, inchini India, karibu miaka 100 iliyopita. Ilianza na mwanamke Mwingereza aliyetaka kujua kwa nini wamama masikini walikuwa wanakufa kwa kukosa damu wakati wa mimba. Jina lake ni Lucy Wills.

Binti aliyesoma bila kupewa diploma

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tano 1888 huko Sutton Coldfield, karibu na mji wa Birmingham. Familia yake haikuwa na shida ya maisha. Walikuwa na kiwanda cha kutengeneza mundu na vyombo vingine vya kukatia majani, na baba yake mwenyewe alikuwa amesoma sayansi. Katika nyumba ile, kusoma hakukuwa kazi ya watoto wanaume peke yao.

Lucy alitumwa kwenye shule ya wasichana ya Cheltenham, moja ya shule za kwanza za Uingereza zilizofundisha wasichana sayansi na hesabu. Mwaka wa 1907 aliingia Newnham, chuo cha wanawake katika chuo kikuu cha Cambridge, akasoma elimu ya mimea na ya miamba. Alimaliza mwaka wa 1911 na kushinda mitihani, lakini hakupewa diploma kama wanaume aliosoma nao. Cambridge ilianza kuwapa wanawake diploma kamili mwaka wa 1948 tu.

Miaka ile ilikuwa pia miaka ya msiba. Baba yake alifariki mwaka wa 1911, na miaka miwili nyuma yake dada yake Edith akafariki akiwa na miaka 26. Lucy alisafiri pamoja na mama yake mpaka Ceylon, inchi inayoitwa leo Sri Lanka. Mwaka wa 1914 alikuwa Afrika ya Kusini wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza. Hakurudi nyumbani mara moja. Alijitolea kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja ya Cape Town. Aliporudi Uingereza alikuwa amekata shauri: atakuwa daktari.

Mwezi wa kwanza 1915 alijiandikisha katika shule ya udaktari ya wanawake mjini London, iliyofanya kazi pamoja na hospitali ya Royal Free. Ilikuwa shule ya kwanza kufundisha wanawake udaktari katika Uingereza. Alimaliza mwaka wa 1920, akiwa na miaka 32. Wenzake wengi walienda kufungua kabine zao za kupokea wagonjwa. Yeye alichagua labo. Alibaki Royal Free akifundisha na kuchunguza damu na mikojo ya wagonjwa, hasa ya wanawake wajawazito.

Safari ya Bombay

Mwaka wa 1928 alipata kazi ambayo ingebadilisha maisha yake. Huko India, daktari mwanamke mwingine, Margaret Balfour, alikuwa anaongoza uchunguzi kuhusu vifo vya wamama wazazi. Moja ya magonjwa yaliyowatia wanganga hofu kubwa ilikuwa aina mbaya ya kukosa damu iliyowashika wanawake wakati wa mimba. Mama alikuwa anaanza kuchoka, midomo na viganja vinakuwa vyeupe, miguu inavimba, pumzi inakatika akipanda ngazi kidogo tu. Wakati wa kuzaa ulipofika, hakuwa tena na nguvu, na damu kidogo iliyomwagika ilitosha kumuua. Wills aliitwa kuja kutafuta sababu, na labo yake ikawekwa katika chuo cha Haffkine, Bombay.

Kazi ilikuwa ngumu tangu mwanzo, kwa sababu damu ya mama mjamzito inadanganya. Wakati wa mimba mwili unaongeza damu, lakini hauongezi sehemu zake zote sawasawa. Maji ya damu yanaongezeka karibu kwa nusu, na chembe nyekundu zinaongezeka kidogo kuliko hapo. Ni kama chungu cha maharagi kilichoongezwa maji mengi na maharagi machache: chakula kimekuwa kingi, lakini mchuzi umekuwa mwepesi. Kwa hiyo kipimo cha hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi mwilini, kinashuka kidogo hata kwa mama mwenye afya nzuri. Kushuka kule si ugonjwa. Ni namna ya mwili kujitayarisha kulisha mtoto na kuvumilia damu itakayomwagika siku ya kuzaa.

Lakini wale wamama wa Bombay walikuwa na jambo lingine. Hemoglobini yao haikushuka kidogo, ilianguka. Na Wills alipotazama damu yao kwenye mikroskopi, aliona chembe nyekundu chache, tena kubwa kupita kawaida. Hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Mtu aliyekosa madini ya chuma anakuwa na chembe ndogo na zenye rangi hafifu. Chembe kubwa zilijulikana zaidi katika ugonjwa mwingine wa kukosa damu, ule uliowashika watu wazima Ulaya na Amerika na kuwaua polepole. Ugonjwa ule ulikuwa umepata dawa mwaka wa 1926, wakati madaktari wawili wa Marekani, George Minot na William Murphy, walipoonyesha kwamba mgonjwa akila maini mengi kila siku anapona. Lakini wagonjwa wa Bombay hawakuwa wazee wa Amerika. Walikuwa wanawake vijana, na wengi wao walipona wenyewe baada ya kuzaa, kama hawakufa mbele.

Nani alikuwa anaugua

Wills hakubaki labo peke yake. Aliuliza wagonjwa walikuwa watu gani, wanaishi wapi, wanakula nini. Jibu lilijirudia. Waliougua sana walikuwa wanawake masikini, hasa Waislamu wa familia zilizofanya kazi katika viwanda vya nguo vya Bombay. Chakula chao cha kila siku kilikosa mboga mbichi na matunda, na nyama ao maziwa vilionekana kwa nadra. Wanawake matajiri wa mji uleule, waliokula vizuri, hawakuugua namna ile.

Hapo wazo lake likajengeka: ugonjwa ulikuwa unatoka kwenye sahani. Wenzake wengi wa wakati ule walitafuta mikrobe ao sumu. Yeye alitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa kuthibitisha, alifanya kazi pia katika mji wa mlimani wa Coonoor, kusini mwa India, ambako Robert McCarrison alikuwa anachunguza mambo ya lishe. Mwaka wa 1931 alifanya kazi Madras, katika hospitali ya wanawake waliofungiwa nyumbani kwa desturi na ambao hawakuruhusiwa kuonekana na wanaume. Wahindi waliofanya kazi pamoja naye, kama Mehta, Talpade na Bilimoria, majina yao yanaonekana pembeni ya jina lake katika maandishi ya miaka ile.

Panya, chawa na kopo la Marmite

Wills alichukua panya, akawapa chakula kilekile walichokula wanawake masikini wa Bombay. Panya wenye mimba wakaanza kukosa damu, na wengi wakafa mbele ya kuzaa. Alipoongeza chachu, ile levire inayochanganywa na unga wa mikate, panya hawakuugua. Ilionekana kwamba amepata jibu.

Lakini jibu lilikuwa na doa. Ilijulikana kisha kwamba panya wale walikuwa na chawa, na chawa wale waliwaletea ugonjwa mwingine uliopunguza damu yao. Kwa mtafiti mwingine, hapo ndipo kazi ingekufa. Wills hakuficha wala hakuacha. Aliendelea na wamama wenyewe, na miaka iliyofuata majaribio yalirudiliwa kwa tumbili, ambao mwili wao unakaribia zaidi ule wa binadamu.

Dawa ya maini ilikuwa na bei ya juu, na haikufaa kwa hospitali iliyojaa wamama masikini. Wills alitafuta kitu cha bei ndogo. Alichagua Marmite, mchuzi mzito na mweusi, wenye chumvi kali, ambao Waingereza wanapaka kwenye mkate. Unatengenezwa na chachu inayobaki baada ya kupika bia. Ulikuwa kwenye maduka, na haukuhitaji sindano wala friji.

Wamama waliokuwa kitandani bila nguvu walipewa Marmite. Baada ya siku chache, hamu ya kula ilirudi. Kwenye mikroskopi, chembe changa za damu zilianza kuonekana kwa wingi, alama ya kwamba kiwanda cha damu ndani ya mifupa kimefunguka tena. Hemoglobini ikapanda. Wanawake ambao wangekufa walizaa na kurudi nyumbani kwao. Mwaka wa 1931 Wills alitangaza matokeo yale katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Kitu kisichokuwa na jina

Sasa swali lilikuwa hili: ndani ya Marmite kuna nini? Wills alijua tu kile ambacho si jibu. Haikuwa madini ya chuma. Na alipojaribu dawa ya maini iliyosafishwa sana, ile iliyoponyesha wagonjwa wa Ulaya na Amerika, haikusaidia wamama wake. Maini yasiyosafishwa yalisaidia, Marmite ilisaidia, lakini dawa safi haikusaidia. Maana yake, kulikuwa na kitu cha pili, ambacho wale wa viwanda vya dawa walikuwa wanakitupa wakati wa kusafisha maini. Wanasayansi walianza kukiita kwa jina lake yeye: kitu cha Wills.

Yeye mwenyewe hakufika kukishika mkononi. Mwaka wa 1933 alirudi kazini London, na mwisho wa mwaka wa 1937 alirudi Bombay kwa majuma machache kuendelea na uchunguzi. Safari ile aliifanya kwa ndege, mara yake ya kwanza, katika ndege kubwa za wakati ule zilizotua juu ya maji. Mwaka wa 1941 watafiti wa Marekani walisaga majani ya spinachi kwa matani na kutoa ndani yake kitu kidogo sana, wakakiita asidi foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mwaka wa 1945 wanakemia waliweza kukitengeneza. Ndicho kilichokuwa ndani ya Marmite. Kisha, mwaka wa 1948, vitamini B12 ikatolewa kwenye maini, na fumbo lote likaeleweka: dawa safi ya maini ilikuwa na B12, lakini haikuwa na asidi foliki ya kutosha. Magonjwa mawili yalikuwa yanavaa nguo moja.

Sababu ya wamama wajawazito kuwa wa kwanza kuanguka ikaeleweka pia. Asidi foliki inahitajika kila mahali ambapo mwili unajenga chembe mpya. Mimba ni ujenzi wa usiku na mchana: mtoto anajengwa, kondo linajengwa, damu ya mama inaongezwa. Mwanamke mwenye chakula duni anaweza kuvumilia akiwa peke yake, lakini akiwa na mimba akiba inakwisha haraka.

Vita, mgao wa chakula na hemoglobini

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wills alibaki London akifanya kazi ya labo katika huduma ya dharura. Mwezi wa saba 1944 bomu la Wajerumani liliangukia hospitali ya Royal Free na kuua watu. Labo ilisimama kwa siku chache, kisha kazi ikaendelea. Kufikia mwisho wa vita yeye ndiye aliyeongoza kazi hizo za labo, na alikuwa ameanzisha pale idara ya kwanza ya magonjwa ya damu.

Vita ilimpa pia swali jipya. Uingereza ilikuwa inagawa chakula kwa tikiti, na wamama wajawazito walipewa sehemu ya ziada. Je, hilo lilitosha kulinda damu yao? Pamoja na wenzake, Wills alipima hemoglobini ya wamama wajawazito, akachunguza nini kinaletwa na mgao wa chakula na nini kinaletwa na vidonge vya chuma vinavyotolewa kwa kila mama bila kungoja augue. Matokeo yalitoka mwaka wa 1947. Swali lile lilikuwa lilelile la Bombay, safari hii kwa wamama wa inchi yake.

Baiskeli na baraza la mtaa

Wills alipumzika kazi mwaka wa 1947, lakini kupumzika hakukuwa tabia yake. Alisafiri Jamaika, Fiji na Afrika ya Kusini, kote akiangalia chakula na damu ya watu. Mjini London alichaguliwa mshauri wa mtaa wa Chelsea kwa chama cha Labour, na alifanya kazi ile katika miaka yake ya mwisho.

Waliofanya kazi naye walimjua kama mwanamke mwenye kauli kali, asiyependa mchezo kazini, mwenye kuwafundisha vijana kwa uvumilivu. Alienda kazini kwa baiskeli, wakati wakubwa wengine walienda kwa gari. Alipenda kutembea milimani, kuteleza juu ya theluji, muziki na teatre. Hakuolewa, na hakuwa na mtoto. Alifariki tarehe 16 mwezi wa ine 1964, akiwa na miaka 75.

Kilichobaki

Kazi yake iliendelea kuzaa matunda baada ya kifo chake. Mwaka wa 1991 uchunguzi mkubwa uliofanyika katika inchi kadhaa ulionyesha kwamba asidi foliki, ikimezwa mbele ya mimba na katika majuma yake ya kwanza, inazuia sehemu kubwa ya kilema cha uti wa mgongo kwa watoto. Tangu hapo inchi nyingi zimeanza kuiongeza hata katika unga wa ngano.

Leo Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kila mama mjamzito ameze kila siku miligramu 30 mpaka 60 za chuma na miligramu 0,4 za asidi foliki. Hemoglobini ya gramu 11 kwa desilita ao zaidi inahesabiwa kuwa nzuri mwanzoni na mwishoni mwa mimba. Katikati ya mimba, ambako maji ya damu yanazidi, 10,5 inakubalika. Chini ya 7 ni hatari kubwa, na mama anapaswa kufikishwa hospitali bila kungoja.

Kipimo peke yake hakisemi sababu. Mama wa Kivu ao wa Ituri anaweza kukosa damu kwa sababu ya malaria, ya minyoo, ya mimba zilizofuatana haraka, ya chuma kidogo ao ya asidi foliki kidogo, na mara nyingi sababu ni mbili ao tatu pamoja. Ndiyo maana vidonge havichukui nafasi ya chandarua wala ya dawa ya kuzuia malaria inayotolewa siku ya kupimisha mimba. Na ndiyo maana si vizuri kujinunulia asidi foliki ya miligramu 5 sokoni: kipimo kikubwa namna hiyo kinaweza kupunguza nguvu ya Fansidar.

Sehemu ya dawa ya Wills iko karibu. Lenga-lenga, sombe na maharagi vina asidi foliki, ingawa moto mrefu unaharibu sehemu yake. Shida ya wamama wa Bombay haikuwa kutojua mboga. Ilikuwa umasikini uliowazuia kuinunua, na mwaka wa 1928 hakuna kidonge kilichoweza kuwasaidia. Kidonge hicho leo kiko ndani ya kikapu cha mama mjamzito. Kazi iliyobaki ni ya nyumba nzima: kumkumbusha akimeze, na kumwekea mboga ya kwanza kwenye sahani yake.